Maji Niliyoyameza Kambini

Wadogo zangu mnaokuja kambini msimu huu na vyeti vyenu kwenye bahasha za kaki, mimi ni mstaafu. Msicheke. Nina miaka thelathini na minne, meno yangu yote yamo mdomoni, na nimestaafu kukwea miti. Misimu sita nilitundika mizinga na kurina asali katika misitu ya Ipole. Msimu wa saba nikaanguka. Leo nina skrubu sita mgongoni na hasira ambayo sijamaliza kuitema.

Watu wakiniona nimekaa wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, hudhani hasira yangu ni ya maumivu. Sivyo. Maumivu yana adabu: yakija unayajua, yakiondoka unayajua. Hasira yangu inatokana na kikombe cha plastiki cha rangi ya bluu, na mtakikuta hapo kambini kimening'inia kwenye msumari wa mlango.

Desturi yetu ni hii. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajagusa mti, tunakaa kuzunguka jivu la moto na kile kikombe kinapita. Kama una kinyongo na mwenzako unakisema hapohapo, kisha unajaza maji mdomoni na kuyatema jivuni. Neno limekwisha, hakuna wa kukulipizia. Kama huna kinyongo unasema "sina" na kutema. Kama unacho na kimekushinda kusema, unameza maji, na siku hiyo hupandi. Unabaki kulinda kambi na kusonga ugali. Wazee wanasema nyuki hunusa hasira ya mtu, na mtu mwenye kinyongo mtini ni hatari kwa wote.

Nilipofika mara ya kwanza na shahada yangu ya jiografia niliiona desturi hiyo kama mchezo. Mkuu wa kambi ni Mjomba Mihayo, kaka wa mama yangu, ndiye aliyenipokea baada ya miaka miwili ya kuzunguka Tabora mjini nikipeleka barua za maombi. Kambini walinipa jina la Digrii siku ya kwanza tu. "Digrii, lete kuni." "Digrii, hebu tupimie mti huu una latitudo ngapi." Aliyeongoza kwa utani alikuwa Lugendo, mtu mwembamba anayepanda mti kama anapanda ngazi za kwao. Sikuchukia. Niliwaza sana, ndiyo, kama wananipenda au wananivumilia, lakini mimi huwaza hata nikichagua upande wa kulalia.

Mjomba alinifundisha kazi, na sitamnyima haki yake. Alinifundisha kubandua gome la mti wa mtundu la kutengenezea mzinga bila kulipasua, na kutundika mzinga ukiwa umeinamisha mdomo kidogo ili mvua isiingie. Alinifundisha pia kusikiliza kamba. Sisi tulikuwa tunapandia kitanzi cha kamba ya gome la myombo: unakizungusha kwenye shina na kiunoni kwako, unaegemea nyuma, mikono inakuwa huru. Kamba hiyo ikiwa na unyevu ina nguvu kuliko unavyoweza kuamini. Ikikauka inakufa kimyakimya. Kwa hiyo unaikunja karibu na sikio. Kamba hai haisemi kitu. Kamba iliyokufa inalia, mlio mdogo kama kijiti kinachokanyagwa mbali.

Jioni ile kabla ya kuanguka niliikunja kamba ya Mjomba karibu na sikio langu, ikalia.

Nikaikunja tena, ikalia tena. Nikamwendea.

"Mjomba, kamba hii inalia."

"Kamba hiyo imempandisha baba yako."

"Ndiyo, Mjomba, lakini inalia. Kwa nini tusinunue ya manila?"

"Manila inateleza kwenye gome. Unataka kufa?" Kisha akasema neno ambalo kila mtoto wa Kinyamwezi amelishwa pamoja na uji. "Babu zako walitoka hapa na pembe za ndovu begani mpaka Bagamoyo. Miezi. Uliwahi kusikia mmoja amelalamika kamba?"

Ningemjibu nini? Leo ninalo jibu. Sikuwahi kusikia malalamiko yao kwa sababu waliolemewa waliachwa njiani na hawakurudi kutuhadithia. Tunajivunia waliofika, tunawafanya kipimo cha uanaume, na kila kijana wa hapa anabeba mpaka kitu kinakatika. Lakini jioni ile jibu hilo sikuwa nalo. Nilikwenda kulala nikageuzageuza maneno. Nikisema kesho mbele ya watu, nitakuwa nimemwaibisha mjomba wangu aliyenipa kazi. Nisiposema, ni uongo. Na je, kama sikio langu ndilo bovu? Na je, kama ni uchungu wangu tu kwa sababu aliwahi kuniita mwoga?

Asubuhi kikombe kikanifikia. Sasa sikilizeni upumbavu wa msomi. Nilisema "sina", nikajaza maji mdomoni, nikatema nusu na kumeza nusu. Niliona nimepata njia ya katikati: nusu ya ukweli imetoka, nusu ya heshima imebaki. Hakuna aliyeona. Nikavaa kitanzi cha kamba ileile, nikapanda mninga wangu.

Niseme habari ya mninga huo, maana bila huo hamtaelewa yaliyofuata. Ni mti wa marehemu baba, uko pembeni tu mwa kambi. Una alama yake kwenye shina, duara na mikato mitatu, na aliponiachia mti aliniachia na alama. Kambini mti ni wako maadamu wewe mwenyewe unaupandisha mzinga kila msimu. Ukiruka msimu mmoja, alama inachongwa na kufutwa, na mwingine anaweka yake. Sina shamba, sina nyumba, sina ajira. Nina duara na mikato mitatu.

Nilikuwa juu, mzinga umeshavutwa na uko mkononi mwa Lugendo tawi la pili, nikaegemea nyuma ili nimsaidie kuuweka. Niliisikia kamba kabla haijakatika. Ilitoa ule mlio.

Niliangukia makalio. Nasema wazi ili mjue: ukianguka hivyo, pingili za mgongo zinagongana kama vikombe vilivyopangwa, na moja inapondeka. Miguu yangu ilisikia, namshukuru Mungu. Lakini hasira yangu nyingine imeanzia hapo. Hatua tatu kutoka nilipolala palikuwa na meza ya kukamulia asali, ubao mmoja mnyoofu, mrefu kuliko mimi. Wangenilaza juu yake na kunifunga kwa vitenge. Badala yake waliniinua kwapani, wakanikalisha kwenye bodaboda, dereva mbele, Lugendo nyuma amenikumbatia, tukaenda dakika arobaini kwenye njia ya mashimo hadi lami.

"Jikaze, Digrii," Lugendo alikuwa ananiambia sikioni, analia huku ananitania. "Jikaze, usitufie, nani atatusomea maelekezo ya dawa ya kupe?"

Daktari wa hospitali ya kwanza alipoona picha aliuliza nililetwaje. Nilipomwambia, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Basi shikeni hili hata mkisahau mengine: mtu akianguka kutoka mtini, asikalishwe. Ubao, hata mlango, na watu wanne. Alale palepale mpaka ubao ufike.

Kutoka hapo nilipelekwa hospitali kubwa ya rufaa, mbali. Nilidhani watanipasua kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Hawakufanya hivyo. Siku hizi wanatoboa. Wanatazama kwenye eksirei inayoonyesha kama televisheni, wanaingiza skrubu na vyuma viwili kupitia matundu madogo, wanatoka. Kesho yake walinisimamisha. Mimi! Nilisimama na kumuuliza daktari maswali niliyokuwa nimeyaandika kwenye kiganja: je, nikipiga chafya vitachomoka? Je, vitapata kutu? Na kwa kuwa mimi natoka Tabora kwenye radi nyingi, je, vyuma hivi vitavuta radi?

"Radi inapiga watu wasio na chuma pia," alisema. "Wewe usibebe, usiiname, usijipinde. Mti usahau. Mpaka nikuone tena baada ya miezi sita, na hata hapo usiwe na haraka."

Dada wa mazoezi ya viungo alinifundisha kutoka kitandani. "Geuka kama gogo," alisema. "Mabega na nyonga pamoja. Wewe ni gogo."

"Dada, nimefanya kazi na magogo miaka sita."

"Basi ni zamu yako."

Mnaona, wale walinitendea vyema. Shida ilinisubiri nyumbani, na shida yenyewe ilikuwa udogo wa vidonda vyangu.

Mama alikuwa amewaandaa watu. Majirani walikuja na akina mama wa kanisani, wameleta karanga, mayai, sabuni. Walitaka kuona. Mama akaniinua fulana. Matundu sita, kila moja halizidi ukucha wa dole gumba. Mama mmoja wa kwaya akainama karibu, akavaa miwani, akainama tena.

"Haya tu?"

"Haya tu, mama."

"Mwanangu, mimi uzazi wa tatu walinipasua kuliko hivi, na wiki ya pili nilikuwa napalilia tumbaku."

Wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikakaa siku mbili nikiwaza kama alikuwa anatania. Tangu siku hiyo huruma ikaondoka Ipole. Mtu akivunjika mguu anavishwa plasta nyeupe, watoto wanaandika majina, anapewa kiti. Mimi nilitembea wima, nimevaa mkanda wa mgongo chini ya shati, na kila aliyenipita aliona kijana mzima asiyetaka kuinama kuokota ndoo. "Shikamoo, mzee," vijana wenzangu walinisalimia, wakajiitikia wenyewe "marahaba" na kuangua kicheko. Shingo ya mama ilianza kuuma kwa kuchota maji yaliyokuwa zamu yangu. Nilimtazama anapita na ndoo na sikuinuka, kwa sababu niliambiwa usibebe. Jaribuni kukaa kwenye kiti namna hiyo, mama yenu anapita na ndoo. Hapo ndipo nilipojua kupona ni kazi, na haina jamaa.

Mfupa, wadogo zangu, hauungwi na skrubu. Skrubu zinashikilia tu, kama kitanzi kinavyomshikilia mpandaji. Mfupa unajiunga wenyewe taratibu, kwa miezi, na mtu wa nje haoni kitu.

Mwezi wa nne tangu nianguke, Mjomba akaja. Alikaa kwenye benchi la mama, akakataa chai, akaikubali.

"Msimu unaelekea kwisha," alisema. "Njoo upandishe mzinga."

"Mjomba, daktari amesema miezi sita, na hata hapo..."

"Nimeona matundu yako. Mama yako alinionyesha. Hata nyuki akiniuma navimba zaidi." Akanywa chai. "Usipopandisha, alama ya baba yako inafutwa. Si mimi ninayeifuta. Ni sheria ya kambi."

"Sheria ya kambi ndiyo iliyonikalisha kwenye pikipiki?"

Mama akatikisa kichwa niache. Mjomba akaweka kikombe chini.

"Ulianguka kwa kinyongo," alisema. "Kila mtu anajua. Ulipanda una kinyongo, nyuki wakakunusa."

Niliwaza neno hilo usiku na mchana. Nyuki wakakunusa! Mzinga ulikuwa mpya na mtupu. Hapakuwa na nyuki hata mmoja juu ya mti ule wa kuninusa. Na bado, kilichonichoma zaidi, alikuwa amekaribia ukweli. Ningesema kinyongo changu asubuhi ile, kamba ingekunjwa mbele ya masikio ya watu kumi na moja, na yote yangeisikia. Hapo ndipo nilipoelewa desturi niliyoiita mchezo. Aliyeianzisha zamani hakuwa na shida na pua za nyuki. Alitaka mtu anayejua kamba imekufa aseme kabla watu hawajapanda. Sisi tumebaki na maji tu.

Nilikwenda kambini. Mama alilia. Nilimwambia siendi kupanda, naye akasema, "Ndivyo baba yako alivyokuwa anasema." Nilipakiwa kwenye gari la wafanyabiashara wa mbao, nimesimama njia nzima nimeshika bomba, kwa sababu kukaa kwenye mashimo yale sikuthubutu tena.

Asubuhi kikombe kikapita. Kilipofika kwangu, nilikipokea kwa mikono miwili.

"Nina kinyongo," nikasema, "na ni kwa Mjomba Mihayo. Shikamoo, Mjomba. Kamba ililia, nikakwambia jioni, ukaninyamazisha. Nikaanguka, mkanikalisha kwenye pikipiki na meza ilikuwa hapa. Nimetobolewa matundu madogo mkasema sikuumia. Sasa mnataka nipande au alama ya baba yangu ifutwe. Sitapanda. Na alama isifutwe. Na siku ile nilisema sina, nikatema nusu. Hicho ni kinyongo changu kwangu mwenyewe."

Nikajaza mdomo, nikatema yote. Jivu likaruka mpaka kwenye viatu vya Lugendo.

Mjomba alikuwa wa mwisho, kama desturi ya mkuu. Alikishika kikombe muda mrefu. Tulidhani atasema. Alijaza maji mdomoni bila kusema neno, akatutazama mmoja mmoja, na tukaona koo lake likipanda na kushuka.

"Mzee amemeza," Lugendo akanong'ona.

Miaka yote ya kambi ile hakuna aliyewahi kumwona akimeza. Akainuka, akachukua sufuria, akasema, "Nendeni. Ninalinda kambi." Wakaenda, na tukabaki wawili, mimi nisiyeweza kupanda na yeye asiyeruhusiwa.

Alisonga ugali vibaya. Tukaula hivyohivyo. Baadaye akaniuliza, bila kunitazama, "Vyuma vinauma wakati wa baridi?"

"Vinavuta, Mjomba."

Akavua shati akanigeuzia mgongo. "Gusa hapo." Katikati ya mgongo wake, mahali palepale pangu, palikuwa na nundu ngumu, mgongo umejikunja kuizunguka. Tangu utotoni nilidhani mjomba wangu ameinama kwa umri.

"Lini?"

"Wewe ulikuwa hujazaliwa. Nilishuka mwenyewe, nikatembea mpaka nyumbani. Nilimwambia dada yangu nimelala vibaya." Akavaa shati. Akajaza maji kwenye kile kikombe cha bluu, akasimama mbele ya jivu, tuko wawili tu. "Kamba niliisikia," alisema. "Niliisikia kabla yako." Akatema.

Nilidhani nitasikia nafuu. Nilisikia hasira mpya, kali kuliko ya kwanza.

"Wakirudi, sema tena," nikamwambia.

"Nimeshatema."

"Umenitemea mimi. Wanaopanda na kamba zako ni wao. Sema tena, Mjomba."

Akachukua sufuria, akaenda kuiosha. Jioni wenzetu waliporudi aliwaambia jambo jingine. Alisema alama ya Digrii haifutwi, mzinga wake utundikwe chini, usawa wa kifua, kwa waya, mwenyewe akiwa amesimama ardhini. Alisema kamba za gome zote zichomwe na zinunuliwe za manila, zipakwe utomvu ili zisiteleze. Lugendo akauliza, "Usawa wa kifua? Nyegere watatuma barua ya shukrani." Wakacheka. Hakuna aliyeuliza kwa nini kamba zimebadilishwa. Mjomba alinipa mti, akanipa kamba, kila kitu isipokuwa sentensi moja.

Nyegere walikuja kweli, wakala masega ya msimu wa kwanza wote. Sasa natundika katikati ya waya mrefu kati ya miti miwili, na kila upande navisha waya debe la bati linalozunguka na kumwangusha nyegere. Nitawafundisha. Nakagua pia kamba za kila mtu, na nimetengeneza machela kutokana na ile meza. Daktari amesema skrubu zinaweza kutolewa au kubaki. Nimeziacha. Nimechonga duara na mikato mitatu upya, chini, ninapofika bila kuinua kisigino.

Na mimi ndiye ninayejaza kikombe. Mtakuja, mtakaa kuzunguka jivu, mtaona. Mkiwa na neno, semeni, hata kama ni juu ya mjomba wenu, hata kama ni juu yangu. Msiteme nusu. Kisha mtaona kikombe kikimfikia mzee mmoja aliyeinama, aliyekuwa mpandaji bora wa msitu huu. Ni misimu mitatu sasa. Kila asubuhi anakishika, anatutazama, anameza, na kubaki kambini na mimi kusonga ugali, wala hajapanda mti tena. Hakuna anayemuuliza. Mimi namjazia mpaka ukingoni, nampa kwa mikono miwili, "Shikamoo, Mjomba," halafu nasubiri.